UZI: Kutoka Bandırma 1919 mpaka Yavuz 1938, Atatürk na meli zilizombeba

MzeeWaOmo (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kila ikifika 19 Mei au 10 Novemba watu husambaza picha ya Mustafa Kemal Atatürk, mwasisi wa Uturuki ya leo, wanaandika mistari miwili chini yake, imetoka hiyo. Wanachokiacha nje ni bahari. Kazi iliyozaa Jamhuri ya Uturuki ilianza kwenye meli ndogo inayokwenda kwa makaa ya mawe, na jeneza lake lilitoka Istanbul juu ya manowari kubwa kuliko zote walizokuwa nazo. Uzi huu ni wa meli hizo. Wenye nondo zishusheni, ila tarehe na vipimo viwe vimenyooka.

Nafungua na Bandırma. Iliundwa Paisley, Scotland, mwaka 1878, ikaitwa Trocadero. Uzito wake wa kusajiliwa ulikuwa tani 279, urefu karibu mita 47. Ilipita mikononi mwa Wagiriki kabla ya kuangukia kwa Waosmani, wakaiita Panderma, baadaye Bandırma, jina la mji wa bandari kwenye Bahari ya Marmara. Kazi yake ilikuwa mizigo, barua na abiria wa pwani. Kwa ufupi, ilikuwa daladala ya majini.

Tarehe 15 Mei 1919 jeshi la Ugiriki liliteremka Izmir. Kesho yake, 16 Mei, Bandırma ikang'oa nanga Istanbul ikiwa na Mustafa Kemal Paşa, aliyekwisha teuliwa Mkaguzi wa Jeshi la 9, na maofisa wake. Mbele ya Kız Kulesi, ule mnara mdogo ulio majini upande wa Üsküdar, Waingereza waliisimamisha wakaipekua. Tarehe 18 ikagusa Sinop. Asubuhi ya tarehe 19 ikatia nanga Samsun. Nahodha alikuwa İsmail Hakkı.

dira_na_bildi

Mkuu umefungua vizuri. Niongeze jambo moja kwa wanaopenda kuchimba nyaraka, maana hapa wengi huanguka. Hati za wakati ule hazikuandikwa 1919. Ziliandikwa 1335. Sisi tuliozoea mwaka wa Hijria tukiona 1335 tunapiga hesabu ya Hijria tunaangukia 1916 au 1917, halafu tunadhani hati ni ya safari nyingine. Hiyo ni kalenda ya Rumi, ya serikali ya Kiosmani. Tangu 1917 siku na miezi yake ililinganishwa na kalenda ya kawaida, kwa hiyo unaongeza 584 kwenye mwaka tu, siku huigusi. 16 Mei 1335 ni 16 Mei 1919.

Mtego wa pili ni majina. Sheria ya majina ya ukoo ilikuja 1934, na jina Atatürk alipewa na bunge Novemba mwaka huohuo. Ukisoma "Refik Saydam alikuwa ndani ya Bandırma", kwenye orodha ya 1919 utamkuta kama Refik tu, daktari wa jeshi (huyu alikuja kuwa waziri mkuu). Kâzım ni Kâzım Dirik wa baadaye, Refet ni Refet Bele. Hata nahodha jina lake la pili, Durusu, ni la baadaye. Anayetafuta "Durusu" kwenye karatasi za 1919 atatafuta mpaka jioni.

Kaskazi88

Naomba kuuliza. Simulizi karibu zote zinasema meli ilikuwa mbovu, dira haifanyi kazi, kipima mwendo hakuna, ikabidi itambae ufukweni. Ni kweli au chumvi ya wasimuliaji?

dira_na_bildi

Vyote viwili. Meli ya miaka 41 iliyopita vitani haiwezi kuwa mpya, hilo halina ubishi. Lakini neno "mbovu" linachanganya mambo matatu.

Kwanza dira. Kwenye meli ya chuma dira haiharibiki kama saa, inadanganywa. Chuma cha meli yenyewe kina usumaku, na usumaku huo unabadilika kadiri meli inavyogeuka. Dawa yake ni kuizungusha meli taratibu kwenye pande zote, kulinganisha dira na alama za nchi kavu ambazo mwelekeo wake unajulikana, kuweka vipande vya sumaku na zile tufe mbili za chuma pembeni ya dira, kisha kuandika jedwali la kosa lililobaki. Meli ikipakia shehena ya chuma, au ikikaa muda mrefu gatini imeelekea upande mmoja, jedwali linakufa na kazi inaanza upya. Mwaka 1919, bandari ikiwa chini ya manowari za kigeni, meli ndogo ya pwani kukosa huduma hiyo si ajabu hata kidogo.

Pili kipima mwendo. Ukikikosa bado una ubao. Unaweka alama mbili kwenye ukingo wa meli, moja omoni (mbele) na moja tezini (nyuma), umbali unaujua. Mtu wa omo anatupa kipande cha mti mbele kabisa, anapiga kelele kikipita alama yake. Mtu wa tezi anahesabu sekunde mpaka kipite alama ya pili. Mita gawanya kwa sekunde, zidisha kwa 1.94, umepata noti, yaani maili za bahari kwa saa. Alama zikiwa mita 47 na mti ukapita kwa sekunde 15, mwendo ni noti 6.1. Ukikosea sekunde moja tu utasoma 5.7 au 6.5, na kosa hilo kwa saa 24 ni kama maili 10 za bahari. Ndiyo maana kipimo kinarudiwa mara tatu nne na kuchukua wastani. Na kumbuka kinapima mwendo juu ya maji, mkondo hakiujui.

Tatu kutambaa ufukweni. Pwani ya kaskazini ya Anatolia ni milima inayoshuka moja kwa moja baharini, na maji yanakuwa na kina upesi. Mchana unaiona nchi bila taabu. Usiku kuna minara ya taa, wa İnceburun karibu na Sinop ni wa tangu 1863. Hatari halisi iko baina ya Sinop na Samsun, pale mto Kızılırmak unapomwaga mchanga kwenye delta ya Bafra. Hapo maji yanapungua bila kuaga. Nahodha mwenye akili anashusha bildi: risasi yenye tundu chini lililojazwa shahamu, ikigonga chini inanata na udongo. Kina kinapungua na shahamu imeleta mchanga badala ya tope? Unatoka nje haraka.

MzeeWaOmo

Naongezea sababu ya usalama: walihofia kufuatwa na manowari za Waingereza. Ukiwa karibu na nchi unaweza kuipandisha meli ufukweni na kushuka kwa miguu. Kwa hiyo kutambaa kulikuwa uamuzi, dira iwe nzima iwe imelewa.

Atatürk mwenyewe hakusaidia kuondoa utata. Hotuba yake ndefu ya Oktoba 1927, ile aliyoisoma siku 6 kwenye mkutano mkuu wa chama chake, inaanza na kushuka Samsun tarehe 19 Mei 1919. Safari yenyewe ameiruka. Habari za ndani ya meli zimetoka kwa wenzake, na wenzake walisimulia baadaye sana.

BintiMtepe

Jamani hesabu ya mwendo mbona hamjaimaliza? Istanbul mpaka Samsun ni kama maili 350 za bahari kwa njia ya pwani. Kutoka mchana wa tarehe 16 mpaka asubuhi ya 19 ni kama saa 64. Toa upekuzi wa Kız Kulesi na kusimama Sinop, unabaki na wastani wa noti 6 hivi. Kwa meli ya 1878 ya tani 279 huo ni mwendo wa kawaida. Si wa meli inayokufa.

Na msisahau Bosporasi yenyewe. Mkondo wa juu unatoka Bahari Nyeusi kuja Marmara, na mbele ya Arnavutköy na Kandilli ni mkali kwelikweli, noti 3 mpaka 4, siku mbaya zaidi. Meli ya noti 7 ikiushika katikati inabakiwa na 3 au 4. Mlango wote ni kama maili 17, kwa hiyo saa 4 zinaweza kuisha kabla hujaiona Bahari Nyeusi. Manahodha wa pale wanajibana kwenye kingo, ambako maji yanageuka kurudi juu, wanavuka kutoka ghuba moja mpaka nyingine kama mtu anayepanda ngazi.

fundi_boila

Mie niseme ya chini, kwenye joto. Watu wanaandika "aliamua akapanda meli wakaondoka". Meli ya mvuke haiondoki hivyo. Boila la aina ile, pipa kubwa la chuma lenye matanuri ndani, linataka saa 12 mpaka 24 kupandisha mvuke. Moto ukiuharakisha, juu kunachemka na chini bado baridi, chuma kinatanuka visivyo sawa, maungio yanaanza kuvuja. Kwa hiyo meli inayong'oa nanga mchana, moto wake umelala umewaka.

Halafu makaa. Pwani ile ina makaa yake, ya Zonguldak. Makaa ya kushikamana yakimwagwa kwa beleshi zima yanafanya ukoko juu, hewa haipiti, moshi mweusi unatoka kwenye dohani na mvuke unashuka. Mchochezi mzuri anarusha kidogokidogo, tabaka jembamba, mlango wa tanuri unafunguliwa sekunde chache tu, maana kila ukifunguka hewa baridi inaingia. Kila zamu anavunja mabonge ya majivu yaliyoyeyuka kwenye wavu. Asipovunja, moto unazibwa pumzi.

Kubwa kuliko yote ni chumvi. Mvuke uliokwisha fanya kazi unapozwa na maji ya bahari yanayopita kwenye mirija, unarudi kuwa maji yasiyo na chumvi, unaingia tena boila. Mrija mmoja ukitoboka, maji ya chumvi yanaingia, magamba yanaota juu ya chuma, joto haliendi kwenye maji, chuma kinalainika mpaka kinajaa tumbo. Meli nyingi zilizoitwa "nzee" zilikuwa na ugonjwa huo tu.

Kaskazi88

Nimetia nanga hapa, siondoki. Bandırma iko wapi leo?

MzeeWaOmo

Ilivunjwa mwaka 1925. Jamhuri ina miaka miwili, pesa hakuna, meli imechoka. Iliyopo leo ufukweni mwa Samsun ni nakala, jumba la makumbusho, na ndani kuna sanamu za abiria wa safari ile. Anayepiga picha na kuandika "meli halisi" asahihishwe kwa upole.

Na Samsun ya 1919 haikuwa na gati la meli kufunga ubavu. Bandırma ilitia nanga nje, wakashushwa kwa mashua mpaka kwenye gati la mbao lililokuwa likitumika kwa tumbaku.

BintiMtepe

Hilo la kushushwa kwa mashua ndilo lililokuwa roho ya safari za zamani za Bahari Nyeusi, na watu wazima wa kule bado wanalitaja. Meli ya barua ilitoka Istanbul, ikapita Zonguldak, İnebolu, Sinop, Samsun, Ordu, Giresun, Trabzon mpaka Rize, na kwingi kati ya hapo ilisimama nje tu. Abiria, magunia, ng'ombe, wote kwa mashua na matishali. Upepo wa kaskazini ukivuma, mawimbi yanaingia wazi, hakuna kisiwa wala mwamba wa kukinga. Nahodha anapiga honi, anaitazama pwani, anaondoka. Wa Ordu anajikuta Trabzon, anangoja meli ikirudi, na ikirudi bahari inaweza kuwa bado imechafuka.

Mashua za İnebolu zina heshima ya peke yake. Wakati wa vita vya ukombozi silaha zilishushwa pale kwa makasia, zikapandishwa kwa mikokoteni kwenda Ankara. Mwaka 1924 mji ule ukapewa Nishani ya Uhuru kwa kazi ya wapiga makasia wake.

Malkia wa njia hiyo alikuwa Gülcemal. Ilizinduliwa Belfast mwaka 1874, ikaitwa Germanic, meli ya Atlantiki, tani 5,000 na ushei. Februari 1899 ililemewa na barafu ikazama ikiwa imefungwa gatini New York, ikainuliwa. Waosmani wakaichukua 1911. Mei 1915 nyambizi ya Waingereza, E14, ikaipiga torpido kwenye Marmara, ikaokoka. 1920 ikavuka tena mpaka New York, safari hii ikiwa na bendera ya mwezi na nyota. Baada ya hapo ndio Trabzon, mwaka baada ya mwaka. Ilikatwakatwa Messina, Italia, 1950. Meli yenye historia hiyo halafu watu wanabishana kuhusu Titanic.

mwanasheria_wa_pwani

Mnapita juu ya sheria, na bila sheria Gülcemal isingekuwa malkia wa chochote. Chini ya mikataba ya upendeleo ya enzi ya Waosmani, meli za kigeni zilikuwa huru kubeba watu na mizigo kutoka bandari moja ya Kituruki mpaka nyingine. Mkataba wa Lausanne wa 1923 ulifuta mikataba hiyo. Sheria namba 815 ikaanza kazi tarehe 1 Julai 1926: usafiri wa pwani, kuvuta meli, urubani wa bandarini, uvuvi, uokoaji wa mizigo iliyozama, vyote kwa raia. Ndiyo maana 1 Julai ni sikukuu ya mabaharia kule.

Mwaka huohuo meli Karadeniz ilifanywa maonyesho yanayoelea, ikabeba bidhaa za Kituruki kuzunguka bandari za Ulaya. Nchi changa, meli imejaa mazulia na tumbaku, inajitambulisha mlango kwa mlango. Kwangu hii ndiyo safari bora kuliko zote, na haina hata sanamu.

Na tarehe 1 Julai 1927 Atatürk alirudi Istanbul kwa yati Ertuğrul, akitokea İzmit. Hakuwa amekanyaga Istanbul tangu 16 Mei 1919.

afande_mstaafu

Kwa sisi wa Afrika Mashariki kuna kamba nyembamba. "Afande" ni efendi ya Kituruki, iliyofika kwetu na askari wa Kisudani waliotoka jeshi la Misri. Jeshi la Wajerumani huku lilikuwa pia na ombasha na shaushi, yaani onbaşı na çavuş. Novemba 1934 Uturuki ilifuta kwa sheria vyeo vya efendi, bey na paşa. Wenyewe wamefuta, sisi tunapiga saluti nacho mpaka leo.

Kaskazi88

😂 Hii nimeihifadhi. Yati Savarona je? Kuna mtu kaniambia Atatürk alikuwa nayo miaka mingi, anazunguka nayo dunia.

MzeeWaOmo

Mtu huyo kakudanganya. Savarona, mita 136, iliundwa Hamburg na Blohm & Voss, ikakamilika 1931, ya tajiri mmoja wa kike wa Marekani. Uturuki ikainunua 1938, ikafika Istanbul tarehe 1 Juni. Wakati huo ini la Atatürk lilikuwa limekwisha haribika. Alikaa humo chini ya miezi miwili, akafanya kikao cha mawaziri, akampokea Mfalme Carol wa Romania. Mwishoni mwa Julai akahamishiwa kasri la Dolmabahçe. Hakusafiri nayo popote pa maana. Baadaye ikawa meli ya mafunzo ya wanamaji, ikaungua 1979, ikafufuliwa.

Alifariki Dolmabahçe tarehe 10 Novemba 1938.

dira_na_bildi

Na hapo ndipo mpango wa jeneza unapopendeza kwa mtu wa bahari. Tarehe 19 Novemba lilitoka Dolmabahçe kwa gari la mizinga mpaka Sarayburnu. Yavuz ilikuwa nje. Hiyo ni Goeben ya zamani ya Wajerumani, mita 186, inazama chini ya maji mita 9 hivi, haiwezi kusogea ukingoni pale. Kwa hiyo jeneza liliingizwa kwanza kwenye Zafer, manowari nyembamba, ikalipeleka mpaka ubavuni mwa Yavuz. Kupitisha jeneza kutoka sitaha ya chini kwenda ya juu, meli mbili zikipanda na kushuka kwa mapigo tofauti, si kazi ya dakika mbili.

Nyuma zilifuata manowari za kigeni: Malaya ya Uingereza, Émile Bertin ya Ufaransa, Emden ya Ujerumani, Moskva ya Kisovieti, Hydra ya Ugiriki, Regina Maria ya Romania. Tazameni Ugiriki humo, miaka 19 baada ya Izmir. Zilisindikiza mpaka karibu na Büyükada, zikatoa heshima, zikaachana. Yavuz ikaendelea İzmit, Zafer ikalipokea tena kulifikisha gatini, na treni ikaenda Ankara usiku. Lilihifadhiwa Jumba la Makumbusho ya Ethnografia mpaka 10 Novemba 1953, ndipo likahamishiwa Anıtkabir, kaburi lake la kudumu.

Kwa nini Bahari ya Marmara, wakati kituo cha treni cha Haydarpaşa kiko ng'ambo tu? Kuvuka kungetosha kwa usafiri. Kwa heshima kusingetosha, maana msafara wa manowari unataka maji ya kutembea.

BintiMtepe

Kwa wanaotaka kuifuatilia kumbukumbu yenyewe: ni saa 3 na dakika 5 asubuhi, tarehe 10 Novemba, na saa za Uturuki sasa ni sawasawa na za Nairobi na Dar, hakuna kuongeza wala kupunguza. Ving'ora vinalia, magari yanasimama darajani, watu wanashuka na kusimama wima. Anayetaka upande wa bahari apande kivuko cha Kadıköy au Üsküdar kinachoondoka kama saa 3 kasoro dakika 5, asimame sitaha ya nje. Ndani utasikia honi ya kivuko chako tu. Nje unasikia ya kila chombo kilichoko mlangoni, nzito za meli za mizigo na nyembamba za mashua. Chumba alichofia, namba 71 Dolmabahçe, saa yake imeachwa kwenye 9:05. Tramu ya T1 inaishia Kabataş, kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu, lakini siku hiyo foleni ni ndefu.

Kaskazi88

Swali la mwisho, naomba msinicheke. Bendera nusu mlingoti, mbona kwenye video za meli wanaipandisha mpaka juu kwanza?

fundi_boila

Ndivyo inavyofanywa. Inapanda mpaka kileleni, inatulia kidogo, kisha inashushwa taratibu mpaka nusu. Siku ile inabaki hapo mpaka jua likizama. Kuitoa ni hivyohivyo: irudishe juu kabisa kwanza, ndipo uishushe. Anayeivuta kutoka nusu moja kwa moja mpaka chini anaonekana mgeni wa kamba. Na kabla hujaanza, kagua kapi la juu. Likikauka chumvi, kamba inakwama na bendera inabaki robo tatu mbele ya watu wote.